Vijiko Vitatu vya Supu ya Lozi

Shangazi alikula kwanza nyumbani. Mayai manne, mkate nusu na chai ya kikombe kikubwa cha bati, saa tano na nusu, akiwa amekwisha kuvaa nguo yake ya kutokea na viatu vinavyombana. Alipoulizwa mbona anajishindilia namna ile ilhali wamealikwa chakula cha mchana hotelini, alijibu kwamba amefanya uchunguzi wake. Uchunguzi ulionyesha kuwa yule mpishi Mhispania humwekea mgeni sahani kubwa kama usukani wa lori, katikati akatia kitu cha kutosha kuziba jino bovu, kisha akasimama pembeni kungoja sifa.

"Mimi siendi kufa kwa adabu," alisema, akapaka siagi kwenye kipande kingine.

Gramu, binti wa kaka yake, alicheka. Jina la Gramu hakupewa na wazazi. Alipewa na wauza nyama na wauza unga wa sokoni, kwa sababu ndiye fundi aliyewatengenezea mizani, na kwa sababu ukimwekea kitu kiganjani alikutajia uzito wake kabla hujamaliza kuuliza. Kiganja chake cha kulia hakikukosea zaidi ya gramu tano. Cha kushoto kilikosea kidogo, naye alikisamehe, maana hata mapacha hawalingani tabia.

Ufundi ule ulitoka kwa baba yake. Mzee alikuwa mkaguzi wa vipimo kwa miaka thelathini na mmoja, akizunguka madukani na mkoba wa mawe ya shaba, na hata baada ya kustaafu wenye maduka walipomwona kwa mbali walijikuta wakifuta vumbi kwenye mizani zao. Watu waliendelea kumwita Mkaguzi. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kutoamini kitu mpaka kitulie.

Na jambo lililowapeleka hotelini siku hiyo lilikuwa halijatulia hata kidogo.

Mwaka mmoja uliopita, mpishi mmoja wa hoteli ile alileta mizani ya jikoni kwenye karakana ya Gramu, chumba cha mbele cha nyumba yao. Alikuwa kijana mrefu mwenye kitambaa cheupe begani, kitambaa ambacho hakukitoa hata alipokaribishwa kuketi, ndipo akabandikwa jina Kitambaa na likamganda. Mizani ilikuwa na ubovu kweli. Baada ya wiki mbili akairudisha, ikiwa na ubovu mdogo. Mara ya tatu mizani haikuwa na ugonjwa wowote. Mgonjwa alikuwa mwenyewe. Gramu aliikagua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaona macho ya kijana yakimtazama yeye badala ya mshale, akamtoza bei ya ushauri.

Basi wakapendana. Wakapendana vile watu wazima wanavyopendana, kwa tahadhari, kila mmoja akikanyaga kwanza kwa ncha ya kidole. Gramu alikuwa na sababu. Kabla ya Kitambaa kulikuwa na muuza mapazia, mwenye maneno laini kuliko bidhaa zake, ambaye alimchumbia kwa miezi kumi huku akiwa amechumbia mwingine mtaa wa pili kwa miezi kumi na miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Gramu alikuwa amejifunza kushtuka mapema, kabla hata ya ung'ongo.

Halafu akaja Mhispania. Alialikwa na hoteli kwa wiki sita, afundishe wapishi na kuwapikia wageni vyakula vyake vya madaha, na kati ya wapishi kumi na mmoja akamchagua Kitambaa. Alimtaka waondoke pamoja Jumapili ya wiki ya sita, akafanye kazi kwenye jiko lake la kwao kwa miaka miwili. Kitambaa alikuja nyumbani siku hiyohiyo aliyochaguliwa, akakaa ukingoni mwa kiti, akaomba mawili kwa pumzi moja: aruhusiwe kumvisha Gramu pete kabla ya kuondoka, na angojewe.

Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mapishi ya kigeni hayajui, ila kipimo anakijua. Atakwenda kula. Akiona ile ni kazi, pete ivishwe. Akiona ni kiini macho, binti yake hawezi kukaa miaka miwili akimngoja mtu aliyekwenda kusomea kiini macho.

"Na mimi nitakula kwa ulimi wangu," Gramu aliongeza. "Nisilazimishwe kusifu."

Kitambaa alikubali. Lakini tangu siku ile alibadilika. Gramu akimwuliza watapewa nini, anatazama dari. Akimwuliza kama chakula kitatosha, anaomba maji. Mara mbili alianza kusema jambo na kulimeza. Gramu aliyaona yote, akayaweka akibani, kila siku akiongeza punje, na kufikia asubuhi hiyo ya Jumatano akiba yake ya shaka ilikuwa imefurika.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa mrefu, wenye mapazia mazito ambayo Gramu aliyachukia kwa sababu zake. Meza zilikuwa kumi na nne. Wao walipewa namba tatu, karibu na mlango wa jikoni wenye kioo cha duara, na kila mlango ulipofunguliwa harufu ya siagi ya moto iliwapitia usoni. Shangazi aliketi, akavua viatu chini ya meza, akahesabu uma zilizopangwa mbele yake. Zilikuwa tatu. Alitaka kujua mbili nyingine ni za nani.

Chakula cha kwanza kilikuwa samaki mkavu wa chumvi, aliyekatwa mwembamba kama karatasi na kudondoshewa asali. Kila mmoja wao aliletewa vipande vinne. Gramu alitafuna cha kwanza akashangaa, cha pili akafurahi, cha tatu akatafuta maji, cha nne akakimeza kama dawa. Shangazi alivimaliza vyote kwa sababu hakulelewa kuacha chakula, kisha akanywa glasi mbili mfululizo na kusema kwa sauti ya chini kwamba kumbe uchunguzi wake ulikuwa wa uongo, chakula kipo, ila mpishi wao amependana na ghala la chumvi.

Kisha ikaja supu. Ilikuwa baridi, nyeupe, ya lozi zilizosagwa, na bakuli lilijaa mpaka karibu na ukingo.

Mkaguzi hakuigusa. Aliliinua bakuli, akaliweka, akaliinua tena.

"Supu peke yake hapa inafika gramu mia mbili na ishirini na tano," alisema.

"Mia mbili na thelathini," Gramu alimsahihisha.

"Mji mzima unasema huyu mtu anapima chakula kama dhahabu. Nilichosikia na ninachokiona havilingani. Vitu visipolingana, mwanangu, ujue kuna mtu ameweka kidole kwenye mizani."

Walikula. Vijiko viwili vya mwanzo vilimpa Gramu matumaini, akayaona yakizama kwenye kijiko cha tano, kwa maana sasa kitunguu saumu kilikuwa kimepanda mpaka puani na lozi zimemganda kwenye kaakaa kama lipu. Akimwangalia shangazi yake, aliona jasho kwenye paji la uso. Mayai manne, mkate nusu, samaki wa chumvi na bakuli lile: mama wa watu alikuwa anapigana vita pande nne bila msaada.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yenyewe, Gramu aliwaza. Kwa hili nimngoje mtu miaka miwili. Na huzuni iliyomshika ilimshangaza, kwa sababu alikuja akiwa na shaka, na mwenye shaka akithibitishiwa alipaswa kufurahi japo kidogo.

Hapo ndipo mhudumu alipopita na mabakuli matatu, mawili mkononi na moja likiyumba juu ya kifundo cha mkono. Gramu aliwahi kulipokea lile la tatu lisimwagike, akageuka na kumpitishia mama mmoja wa miwani aliyekaa meza ya jirani. Mama akashukuru. Gramu akabaki ameunyoosha mkono wake mtupu hewani, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

Gramu sitini. Bakuli lilelile, supu ileile, na ndani yake gramu sitini.

Akaanza kutazama. Meza ya nne, supu imefunika chini tu. Meza ya sita, vivyo hivyo. Dirishani walikaa mzee na mkewe, wamevaa vizuri kama watu waliongoja siku hiyo kwa muda, na mhudumu alikuwa amewainamia akiwaeleza jambo kwa uso wa kuomba radhi. Mzee akamwambia mkewe. Mkewe akakunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua. Ilikuwa wazi hata kwa mbali: supu imekwisha, wao hawatapata.

Gramu alisema anakwenda kunawa mikono.

Nyuma ya mlango wa kioo kulikuwa na ushoroba mfupi wenye rafu za sahani pande zote mbili, na mwisho wake kaunta ndefu ya chuma. Kitambaa alikuwa ameiinamia, akipanga nyama ya mbuzi iliyopikwa polepole mpaka ikaachana na mfupa. Sahani nyingi zilikuwa na kipande kimoja. Tatu, zilizotengwa pembeni, zilikuwa na kilima.

"Hizo tatu ni za nani?" Gramu aliuliza.

Kitambaa aliinua kichwa. Kwanza uso wake ulichanua, kwa sababu ndivyo ulivyofanya kila ulipomwona, kisha ukaelewa ukasinyaa.

"Za meza namba tatu," alisema. Angalau hapo hakudanganya.

"Nimempitishia mama mmoja bakuli la gramu sitini. Langu lilikuwa na mia mbili na thelathini. Kuna watu wawili dirishani hawakupata kitu."

"Kiganja chako hicho."

"Usinisifie kiganja."

Basi akasema, mikono ikiwa imening'inia. Kipimo cha Mhispania kilikuwa gramu sabini na tano kwa kila mtu, vijiko vitatu vilivyojaa, wala si zaidi. Kitambaa alikipenda kipimo hicho, aliwahi hata kukiota. Lakini aliposikia mtaani kwamba shangazi anazunguka akiulizia ukubwa wa sahani, na alipomkumbuka Mkaguzi na mkoba wake, aliingiwa na hofu. Alifanya hesabu ya harakaharaka kichwani: akichota kidogo kwa kila meza, hakuna atakayejua, na meza namba tatu watashiba. Hakuna atakayejua, alirudia, akijisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kijinga mbele ya mwanamke aliyeishi kwa kujua.

"Niliogopa baba yako angeiona sahani, aseme nitakuja kumlaza binti yake na njaa."

"Baba angesema alilotaka kusema. Mimi je? Mimi ulitaka nionje nini?"

Kitambaa akasukuma sahani moja, akairudisha palepale.

"Umenikalisha pale nipime miaka miwili ya maisha yangu," Gramu alisema polepole, "halafu ukaweka kidole kwenye mizani. Nimekula ile supu nikaona kazi yako haifai. Nilikuwa nimekwisha kukuacha pale mezani, unajua? Nimekuacha kwenye kijiko cha tano. Kwa supu ambayo hata si yako."

Kitambaa alishika ukingo wa kaunta.

"Yule wa mapazia alinidanganya kwa kunipunja. Wewe umenidanganya kwa kunijaza. Hebu niambie tofauti."

"Yeye alikuwa anatafuta njia ya kuondoka," Kitambaa alisema. "Mimi natafuta namna ya kutoachwa. Si utetezi. Umeuliza tofauti."

Walitazamana. Lilikuwa tazamo refu, lenye hasira upande mmoja na aibu upande wa pili, na katikati yake, kwa bahati mbaya ya wote wawili, mapenzi yalikuwa yamekaa palepale yalipokuwa asubuhi, hayajasogea hata unywele.

Mlango wa jiko la moto ukafunguka, akatokea Mhispania. Gramu alimtarajia mtu wa maringo. Aliyemwona alikuwa mfupi, kipara, mikono imejaa makovu ya tanuri, na macho yaliyomtazama kwa woga usiofichika. Alimwinamia. Kisha, kwa Kiingereza cha kuokoteza, akaanza kufungua majokofu moja baada ya jingine akimwonyesha vipimajoto, akamwonyesha kucha zake, akavuta droo na kutoa cheti cha afya kilichogongwa mihuri saba.

Gramu alikijua Kiingereza cha vitabu vya mizani, kikamtosha kuelewa kilichotokea. Kitambaa alimwambia bosi wake kwamba leo anakuja Mkaguzi, na masikini mgeni wa watu alikuwa ameishi tangu alfajiri akiamini jiko linakuja kufungwa. Ndiyo sababu aling'ang'ania tanuri mwenyewe, asitoke nje, akamwachia Kitambaa vyakula vyote vya baridi na kazi ya kupanga sahani.

Gramu akamweleza kwamba yeye si mkaguzi. Ni binti wa mkaguzi.

Mhispania aliwaza. Akamnyooshea Kitambaa mwiko. "Mchumba?"

"Leo sijui," Gramu alisema.

Ndipo Mhispania alipoziona zile sahani tatu. Hakupiga kelele. Aliuliza supu imebaki kiasi gani, akajibiwa hakuna; akauliza wangapi hawakupata, akajibiwa wawili. Alikwenda kwenye jokofu dogo la pembeni, akatoa chupa ya supu aliyojiwekea kwa chakula chake mwenyewe, akapanga mabakuli matatu na kuweka la kwanza juu ya mizani.

Gramu alitaka kukaa kimya. Alishindwa. Aliinama, akatazama kiputo cha maji pembeni mwa mizani, kile kinachoonyesha kama imekaa sawa, akaona kimekimbilia kushoto. Alichukua karatasi ya oda, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu mmoja wa mizani mpaka kiputo kikarudi katikati. Namba kwenye kioo zikashuka gramu nne.

Mhispania aliitazama mizani. Wiki tano alikuwa amegombana na lozi za nchi hii kwa sababu ya gramu nne. Bila neno akamkabidhi Gramu upawa.

Gramu akapima mwenyewe. Sabini na tano, sabini na tano, sabini na tano. Mabakuli mawili mhudumu aliyapeleka mbio dirishani. La tatu Gramu alilishika, akalila akiwa amesimama katikati ya rafu za sahani, Kitambaa akiwa hatua mbili mbele yake kama mtu anayesomewa hukumu.

Alikula kwa nia mbaya kabisa. Alitaka kukosoa. Kijiko cha kwanza kilikuwa baridi na ukali wa siki kwa mbali. Cha pili kilileta lozi, na nyuma yake kitunguu saumu kikapita tu, kama mtu anayebisha hodi na kuondoka. Cha tatu kilikuwa na zabibu moja, tamu, iliyopasuka wakati alipokuwa ameanza tu kuielewa supu nzima, na hapo bakuli likawa tupu.

Alikwangua chini. Alijiuliza kama ni kwa sababu anampenda, akajihoji kwa ukali kama alivyokuwa akimhoji muuza nyama mwenye mkono mzito, na jibu likatoka lilelile. Ile supu ilikuwa nzuri. Iliyoletwa mezani ilikuwa supu hiyohiyo, imeuawa kwa wingi.

Akaliweka bakuli mbele ya Kitambaa.

"Sitakusemea kwa baba," Gramu alimwambia. "Miguu unayo."

Kitambaa alikwenda. Mhispania naye alikwenda nyuma yake, amebeba nyama ya mbuzi. Gramu aliwafuata akasimama kando ya mlango, na kutoka pale alimwona Kitambaa akiinama mbele ya meza namba tatu na kumweleza baba yake yote, bila kuacha ule upuuzi wa hakuna atakayejua. Shangazi alisikiliza mkono ukiwa tumboni. Mkaguzi alisikiliza akitazama kitambaa cha meza.

"Ulipunguza kwa wangapi?" mzee aliuliza.

"Kwa ishirini na moja. Na wawili nikawanyima kabisa."

"Muuzaji akitaka kukupa zaidi," Mkaguzi alisema, "anapima kwanza. Mshale unatulia, kila mtu anauona. Ndipo anachota kwenye gunia lake mwenyewe, anakuongezea juu. Hiyo ni nyongeza, na sijawahi kumshtaki mtu kwa nyongeza. Wewe umechota kwenye mabakuli ya watu ishirini na watatu. Hiyo ina jina lingine, na jina hilo sitaki liingie nyumbani kwangu."

"Naelewa, mzee wangu."

"Wao ndio wa kwanza kuelezwa. Mimi nilizidishiwa, sina malalamiko."

Ikawa kazi. Kitambaa alizunguka ukumbini, meza baada ya meza, akiungama supu. Baadhi walicheka. Bwana mmoja alikasirika kweli akataka jina lake kamili. Mama wa miwani alimwuliza ni kwa ajili ya nani, na alipoonyeshwa kwa macho, alimtazama Gramu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwamba basi angalau sababu inaonekana. Dirishani alikaa muda mrefu zaidi. Mzee wa pale alimshika mkono, akamwambia jambo ambalo Gramu hakulisikia, na Kitambaa alirudi macho yakiwa mekundu.

Alipofika kwenye mlango wa jikoni, Mhispania alimzuia. Alimvua kitambaa begani, akaburuta kiti cha nne, akamkalisha meza namba tatu kama mgeni. Kitambaa alikuwa hajawahi kukaa kwenye ukumbi ule hata siku moja. Hakujua aweke wapi viwiko. Mhispania akawawekea wote wanne mbuzi, kipande kimoja kila mtu, na Shangazi alipoona udogo wake aliachia pumzi ya mtu aliyeokolewa majini.

"Huyu mgeni sasa ndiyo ananielewa," alisema.

Gramu alikuwa amekwisha kurudi kitini. Baba yake alimgeukia.

"Umeonja kilichopimwa sawasawa?"

"Nimeonja."

"Ni kazi, au kiini macho?"

"Ni kazi, Baba. Nilitafuta dosari, sikuipata. Inafaa kumtoa mtu kwao."

"Na mpishi?"

Swali lile lilikaa mezani, likawa kama mtu wa tano. Gramu alichukua uma, akaonja mbuzi. Alikuwa amekwisha kumsamehe huko nyuma kwenye rafu za sahani, kama mwanamke anavyosamehe kabla hajajipa ruhusa. Lakini kumsamehe mtu ni jambo moja, na kumwamini akiwa ng'ambo ya bahari kwa miaka miwili ni jambo lingine kabisa. Huko kungekuwa na meza nyingi. Huko kiganja chake kisingefika.

Upande wake wa kushoto Kitambaa alikuwa ameigawa nyama yake mara mbili. Gramu aliona kwa pembe ya jicho kisu kikisita, uma ukinyanyuka nusu, kisha ukashuka. Mazoea yalikuwa yanamsukuma, aibu ikimrudisha. Mwishowe aliuchoma ule upande ulio mkubwa, akauinua juu kabisa, mahali ambapo Mkaguzi aliuona, Shangazi aliuona, na mama wa miwani akageuza kiti ili auone vizuri.

"Hii ni ya kwangu," Kitambaa alisema. "Imetoka kwenye sahani yangu, sasa hivi, na kila mtu anatazama. Naomba nimpe."

Hakuna aliyemsaidia. Mkaguzi aliutazama ule uma kwa muda, kama alivyokuwa akitazama mishale, mpaka mkono wa kijana ukaacha kutetemeka. Halafu akarudi kwenye chakula chake.

Gramu alisogeza sahani.

Alikula kile kipande polepole, bila kumwonea huruma mtu aliyekuwa akingoja. Alipomaliza alijifuta mdomo.

"Jumamosi, saa nne," alimwambia. "Uje na wazee wako, na pete. Na haya ya leo uwasimulie mwenyewe wakiwa njiani, kabla hawajayasikia kwa Shangazi."

Shangazi alikasirika. Alisema yeye si mtu wa maneno, hajawahi kuwa, na angependa aonyeshwe mtu mmoja aliyewahi kusikia siri kutoka kinywani mwake. Kisha akainama chini ya meza kutafuta viatu vyake, akimwuliza mama wa miwani kama yeye huwa anapita upande wa sokoni, kwa sababu wangeweza kuongozana.